Karatasi ya Dobrin Getini

Shangazi yangu Velika aliendesha basi la umeme mjini Pleven tangu ujana wake hadi alipostaafu, na maisha yake yote hajawahi kulala hotelini. Si kwamba hasafiri. Kila Agosti hulaza viti vya nyuma vya Lada yake ya kijani, hutandika godoro la sufu aliloshonewa na mama yake, hufunga mapazia ya jikoni kwenye madirisha na kushika njia ya baharini. Ukimuuliza leo tutalala wapi, hujibu kwamba tutapaona. Ukimuuliza tena, hukuambia uangalie barabara.

Mimi ndiye ninayemsindikiza tangu nilipoanza chuo, kwa hiyo najua jinsi anavyochagua. Huanza kutafuta jua likiwa bado juu, kwa sababu ubaya wa mahali, anasema, lazima uuone ungali na muda wa kuondoka. Hushuka, huzunguka, husimama kimya kama mtu anayesikiliza mlangoni. Chini ya mjozi, mti wa kokwa za jozi, halali hata umpe nini. Kwetu kila mtu anajua kwamba kivuli cha mti ule humwamsha mtu na kichwa kizito, akibahatika kuamka. Kwenye mto mkavu halali. Akiona kondoo humtafuta kwanza mchungaji, na anachotaka hasa ni kujulishwa kwa mbwa wake. Gari huliegesha pua ikitazama barabara, maana basi lilimfundisha kwamba kuingia mahali si kazi, kazi ni kutoka.

Zaidi ya yote hutafuta chemchemi. Kwetu mtu akifa, watu wake wakijaliwa humjengea chemchemi kando ya barabara: ukuta mdogo wa mawe, mdomo wa chuma unaotoa maji, birika la kunyweshea ng'ombe, na jina lake limechongwa juu ili anayekunywa amwombee. Shangazi huwasalimia wenye majina hayo kama wenye nyumba. Husoma jiwe, halafu husema, “Jioni njema, mama Gana, tunakuomba usiku mmoja,” ndipo hunituma kuchota maji ya kupikia. Asubuhi hufagia. Sijawahi kumwona akiacha hata ganda la tikiti mahali alipolala. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu, nao watakuja katika habari hii, wanaosema kwamba wanaolala kwenye magari ni wachafu.

Chemchemi moja ni yetu. Iko pale barabara inapoiacha bahari kusini ya Burgas na kuingia kwenye msitu wa mialoni wa Strandzha. Jina lililochongwa juu yake ni la Dobrin, kaka yake shangazi, baba yangu mkubwa, ambaye sikumwahi. Alikuwa dereva wa lori. Agosti moja ya joto kali moyo ulimkataa akiwa njiani. Akaliweka lori kando vizuri, akavuta breki ya mkono, akafia kwenye usukani akiwa na chupa tupu mapajani. Mbele na nyuma hapakuwa na tone la maji. Waliopita usiku ule walidhani dereva amelala, wakaendelea na safari zao.

Babu yangu alitafuta maji kilimani mpaka akayapata, akayashusha kwa mabomba hadi pale pale lori liliposimama. Mawe aliyabeba Shangazi Velika, kwa Lada hii hii. Tangu hapo, usiku wa kumbukumbu ya Dobrin lazima mtu wa ukoo alale pale. Zamani walikwenda wengi. Sasa babu amekufa, baba yangu hawezi safari ndefu, na amebaki shangazi. “Alilala pale peke yake usiku mmoja,” husema. “Huo umetosha.”

Mwaka huu ilikuwa miaka thelathini. Shangazi alichemsha ngano ya marehemu, akaichanganya na sukari na jozi zilizotwangwa, akaipanga kwenye sufuria kubwa yenye kifuniko. Alioka mkate. Akachapisha karatasi za tanzia, zile zenye fremu nyeusi, picha, jina na maneno machache, ambazo sisi hubandika milangoni kwa wafiwa, kwenye nguzo na kwenye vituo vya basi. Karatasi hiyo ikishabandikwa, hakuna mkono unaoing'oa. Hukaa hapo mpaka mvua na jua viimalize.

Kufika baharini ilikuwa kama kutembelea makaburi ya mahali tulipowahi kulala. Ufuko alionifundishia kuogelea una kizuizi cha chuma, na nyuma yake miavuli iliyopangwa safu kwa safu kama kabichi shambani, kila mmoja na kiti chake cha kukodi. Kichaka cha misonobari tulikolala mwaka wangu wa kwanza chuoni kimegeuka jengo la ghorofa nyingi, roshani zote tupu, katikati ya Agosti. Juu ya miamba, mahali ambapo shangazi alikuwa akikaanga pilipili huku akiangalia meli, kuna kibao kilichochorwa hema limekatwa mstari mwekundu na gari limekatwa mstari mwekundu, na chini yake wametutakia mapumziko mema.

Nilichemka. Njia nzima nilikuwa nikisema kwamba bahari haikujengwa na mtu, kwamba bibi yangu alilala kwenye mchanga ule bila kumwomba mtu ruhusa wakati nchi haikuwa na hata barabara ya maana, kwamba leo tumeambiwa tuko huru na hatuna mahali pa kulaza mgongo katika nchi yetu wenyewe mpaka kwanza tutoe pochi. Nilisema wale walioandika sheria ya kukataza mahema ndio hao hao walioruhusu zege kwenye matuta ya mchanga. Bado nasema hivyo. Shangazi alisubiri nipumue, akaniambia, “Ukimaliza kuhutubia, Lyubcho, niangalizie kama kuna lori nyuma.”

Hakuwa na wasiwasi. Mahali pa kulala usiku ule palikuwa panajulikana.

Tulifika alasiri. Kwanza niliona bendera, nyingi, za rangi, zinapepea juu ya mialoni. Halafu uzio wa wavu wa chuma, mpya, unang'aa, umefuata ukingo wa barabara mpaka kwenye geti lenye jina la kambi ya watalii na picha ya jua linalocheka. Nyuma ya wavu kulikuwa na karavani, zile nyumba za magurudumu, vibanda vya mbao, na baa iliyoezekwa nyasi ambazo hazioti kwetu. Na kati ya baa na choo, hatua chache tu kutoka barabarani lakini ndani ya uzio, ilikuwa chemchemi ya Dobrin. Maji yalikuwa yakitoka kama siku zote. Juu, pale lilipochongwa jina lake, walikuwa wametundika ubao: maji ni kwa wageni wa kambi tu.

Shangazi alizima gari. Alikaa ameshika usukani, akautazama ule ubao kwa muda, kisha akasema polepole, kama anayenijulisha habari ya hali ya hewa, kwamba wamemfunika uso.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake. Alikuwa mtu mzima, jina lake Zlatan, mwenyeji wa kijiji cha karibu, amevaa fulana yenye lile jua linalocheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Alimweleza shangazi kwa upole kwamba anayetaka kuingia hulipia nafasi, na nafasi zimejaa karibu zote, lakini atajaribu.

“Mwanangu, mimi sitafuti nafasi,” shangazi alimwambia. “Yule pale ni kaka yangu.”

Zlatan aligeuka, akatazama kwenye baa kama anayetafuta mtu. Ilibidi nimwonyeshe kwa kidole. Nikamwambia chemchemi ile imejengwa na babu yangu kwa ajili ya kila apitaye, na kumfungia mtu maji ya marehemu ni wizi wa kumwibia maiti na msafiri kwa mkupuo mmoja. Nilisema na mengine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba hata mama yake alikuwa akisimama pale kunywa, lakini funguo si zake, na bosi amesema wapita njia wanachafua.

Nikapiga simu halmashauri. Mama mmoja alipokea, akatafuta, akaniambia kwamba eneo limekodishwa kihalali na kwenye ramani yake chemchemi haipo kabisa. Nilimwambia ninaiona kwa macho. Akasema niandike malalamiko na afisa husika atayashughulikia akirudi likizo. Nikauliza yuko wapi. Akasema yuko baharini.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa nikachukua koleo la kukatia waya. Na ningekata, mbele ya Zlatan na mbele ya jua lao linalocheka. Kuna wakati adabu ni ushirika katika uovu, na ule ulikuwa mmojawapo.

“Rudisha,” shangazi alisema. “Ukikata, kesho watafunga. Na wewe utalala polisi badala ya kulala kwa baba yako mkubwa.”

“Kwani sasa tunalala wapi, shangazi?”

Alishuka na kufanya kama afanyavyo kila mahali: alizunguka, akasimama, akasikiliza. Akanielekeza niliweke gari kwenye majani kati ya geti na lami, nje ya uzio kwa upana wa kiganja, pua ikitazama barabara. Kisha akatoa kopo la gundi ya unga aliyoipika mwenyewe, brashi, na karatasi moja ya tanzia, akaenda akaibandika getini, katikati, usawa wa macho, akiilaza vizuri kwa kiganja ili isibaki na mikunjo. Dobrin akatutazama na masharubu yake, karibu na jua linalocheka.

Nilimuuliza kwa nini getini. Akaniambia kila mwaka huibandika mahali watu wanapopita. Zamani walipita pale kwenye maji, sasa wanapita hapa.

Zlatan alivua kofia. Hilo halikuwa amri ya bosi wala katazo lake. Ni mkono tu unaokwenda wenyewe. Shangazi akampa ngano kwenye kikombe cha karatasi na kijiko, naye akala amesimama, akasema Mungu amsamehe, kama inavyosemwa. Chakula cha marehemu hakikataliwi. Kisha shangazi akatandika kitambaa juu ya boneti, akapanga mkate, jibini, nyanya na sufuria, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja kungoja wapita njia. Kaka yake alistahili kuombewa na wapita njia, na wapita njia wangepatikana.

Gari la kwanza lilikuwa la mume na mke kutoka Ruse, wanakokota karavani. Walipunguza mwendo, wakaona fremu nyeusi getini, wakaona mwanamke aliyevaa nguo nyeusi amekaa na sufuria ya ngano. Mume alizima redio. Wakashuka wote wawili.

“Pole sana, mama,” alisema yule mke. “Ni wa hapa hapa?”

“Wa hapa hapa,” shangazi alisema. “Kula, mwanangu.”

Wakala. Mume aliuliza kama marehemu alikuwa mzee. Shangazi akasema hapana, hakufika hamsini, moyo tu, tena akiwa kazini. Mke akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza alikuwa mtu wa namna gani.

“Hakuweza kumwona mtu ana kiu,” shangazi alisema. “Angekupa chupa yake.”

Walisema Mungu amsamehe, wakamshika mkono shangazi, wakanishika mkono mimi. Kisha wakamshika mkono Zlatan, ambaye alikuwa bado ameshika kofia yake, na wakamwambia wasingependa kusumbua nyumba yenye msiba, watatafuta mahali pengine. Wakageuza karavani kwa shida na kurudi walikotoka.

Ndipo nilipoelewa wameelewa nini. Kwetu karatasi ya tanzia kwenye geti ina maana moja: mtu wa nyumba hii amekufa. Imeandikwa wazi kwamba ni miaka thelathini, jina lipo, tarehe ipo, lakini nani husoma karatasi ya tanzia akiwa garini? Anaona weusi, anaona picha, anavua kofia. Nilimtazama Zlatan. Zlatan alinitazama. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hatawaeleza watu.

“Mimi nimeajiriwa kufungua geti,” alisema. “Kueleza nani kafa nani mzima, hilo halimo kwenye kazi yangu.” Akanyoosha kikombe aongezewe ngano.

Wakaja wengine. Familia yenye hema juu ya gari, watoto wamebanwa nyuma na mito. Baba akawaambia watoto wanyamaze, wakala ngano, wakaondoka. Vijana watatu wa pikipiki wakazima injini na kusukuma pikipiki kwa mkono hadi mbali, ndipo wakaziwasha. Mjerumani mmoja tu ndiye aliyeingia, maana hakuelewa chochote, akamwambia shangazi kwamba pudini yake ni tamu. Shangazi hakuuliza kwa nini wengine wanageuza. Kila aliyekuja alimpa ngano, akamwambia jina la kaka yake, akasikia likiombewa. Alikuwa akifanya alichokuja kufanya. Mimi ndiye niliyekuwa nikifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi sana.

Kilichotufichua ni simu. Wale wa Ruse walikuwa kwenye kundi la wasafiri wa magari, watu maelfu wanaoulizana kila siku pa kulala ni wapi, nao wakawaandikia wenzao kwamba kambi ile ina msiba, mwenyewe amefariki ghafla kwa moyo, mtu mwema sana, watu wasiende kuwasumbua. Jua lilikuwa halijagusa miti wakati mama mkwe wa mwenye kambi, aliyeko Burgas, alipopigiwa na jirani yake kupewa pole.

Mwenye kambi alikuja kwa kasi hata changarawe zikatupiga miguuni. Aliitwa Krasen, mtu wa umri wa kati, mwekundu, amevaa suruali fupi nyeupe, na kwa vyovyote hakuwa maiti. Alipiga kelele tangu kabla ya kufunga mlango wa gari. Mama mkwe wake amezimia. Mke wake amelia. Mtu wa bia amempigia kuuliza nani atamalizia deni. Akamgeukia Zlatan, akamuuliza kwa nini hajang'oa uchafu ule.

“Bosi, niing'oe tanzia mimi?” Zlatan alisema. “Na watoto ninao? Ing'oe wewe.”

Krasen alikwenda getini. Alinyoosha mkono, akashika kona ya karatasi kwa ncha ya vidole. Dobrin alikuwa anamwangalia machoni, kwa karibu. Mkono ukabaki pale, kisha ukashuka, ukajipangusa kwenye suruali nyeupe.

“Mama,” alisema, kwa sauti nyingine, “naomba utoe karatasi yako.”

“Mimi kazi yangu ni kubandika,” shangazi alisema. “Kutoa ni kazi ya mvua.”

Wote tukaangalia juu. Ilikuwa Agosti, na kutoka mialoni hadi Uturuki hapakuwa na wingu hata moja.

Shangazi akainuka, akamjazia kikombe cha ngano, akampa pamoja na kijiko. Niliona alivyotaka kukataa na alivyoshindwa. Alikula haraka haraka, akitazama chini, na katikati ya kutafuna akasema Mungu amsamehe. Akauliza, nani?

“Dobrin. Unauza bia yako juu ya maji yake.”

Hapo nikaingia mimi. Nilimwambia Krasen yote niliyokuwa nimeyabeba tangu ule ufuko wenye miavuli: kwamba anaweza kukodi ardhi lakini hakuna ofisi inayoweza kumkodisha kiu ya watu, kwamba kafiri na muumini, mkulima na waziri, wote walikuwa sawa mbele ya bomba lile, mpaka alipokuja yeye na wavu, kwamba mtu aliyeweza kutundika ubao juu ya jina la marehemu angemvua marehemu viatu. Alinijibu, na lazima nikiri kwamba hakusema uongo mtupu. Alisema aliponunua haki ya eneo lile alikuta nepi, chupa na vinyesi mpaka ndani ya birika, kwamba watu wa magari huja, huacha uchafu, huondoka wakijiita wapenzi wa maumbile. Alisema alisafisha kwa mikono yake.

“Ulikuta mwezi gani?” shangazi aliuliza.

“Julai.”

“Mimi huja Agosti. Ungeningoja mwezi mmoja, ufagio wa pili ungekuwa wangu.”

Krasen akashusha pumzi. Nadhani alikuwa amechoka kuwa marehemu. Alifanya alichoona ni ukarimu: aliagiza geti lifunguliwe, akamwambia shangazi aingize gari bure, leo na kila mwaka, alale pale pale karibu na chemchemi, na karatasi aibandike huko kwenye jiwe, mahali pake. Zlatan alikuwa ameshaanza kusukuma geti. Moyo wangu ulilegea kidogo. Kwa yule mwanamke wa miaka sabini na zaidi, kitu pekee alichokuja kukitafuta kutoka Pleven kilikuwa kimefunguliwa mbele yake.

Shangazi hakusogea.

“Nikibandika kule, nani ataiona?”

“Wageni wangu wataiona.”

“Wageni wako wana bia. Kaka yangu hakufa akiwa mgeni wa mtu, alifia barabarani. Kesho nikiondoka, akija dereva mwingine na chupa tupu, geti litakuwaje?”

Krasen aliangalia geti, kisha barabara.

“Basi mimi nimeshapata pa kulala,” shangazi alisema, akarudi kwenye kiti chake. “Nitakaa na karatasi yangu mpaka inyeshe.”

Hakusema kwa hasira. Hasira yote ilikuwa kwangu mimi. Yeye alikata mkate, akaupanga tena juu ya boneti, kwa sababu taa za gari jingine zilikuwa zinakuja kwenye kona. Lilikuwa karavani kubwa. Lilipunguza mwendo. Krasen aliliona, akaona dereva anavua kofia nyuma ya kioo, na akaweka mikono yote miwili kichwani.

“Zlatan,” alisema. “Leta nyundo.”

Tuliuhamisha uzio kabla ya giza. Uzio ule ulikuwa na nguzo za chuma zilizopigwa ardhini tu, bila zege, kazi ya haraka haraka kama kila kitu kinachojengwa pwani yetu. Zlatan na mimi tuling'oa nguzo za upande wa barabara, tukazirudisha nyuma ya chemchemi, tukaupinda wavu ukapita kati yake na baa. Koleo langu nalo lilipata kazi. Krasen alisimama akitoa maelekezo ambayo hayakuhitajika, akilalamika kwamba halmashauri itamuuliza. Nikamwambia awaonyeshe ramani yao, kwenye ramani hiyo hakuna chemchemi, kwa hiyo hakuna kilichohamishwa. Ubao aliuondoa mwenyewe. Chini yake herufi za Dobrin zilikuwa safi kuliko mawe mengine.

Ilibaki karatasi ya getini. Krasen aliikodolea macho, akamtazama shangazi, wala hakuthubutu kurudia ombi lake. Shangazi akachukua ndoo, akaenda kwenye chemchemi, akachota. Akarudi nayo mpaka getini, akaimwagia karatasi polepole kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, mpaka gundi ya unga ikalainika na karatasi ikateleza yenyewe chini, bila kuguswa, ikalala kwenye majani. Akaikunja, akaiweka mfukoni mwa gauni.

“Imenyesha,” alisema.

Karatasi mpya aliibandika kwenye jiwe. Lada niliisogeza hadi kwenye birika, pua barabarani. Shangazi alinawa uso, akanywa kwa viganja, akasema, “Jioni njema, kaka, tumechelewa kidogo, kulikuwa na foleni.” Kisha akapanda kwenye godoro lake, akafunga mapazia, na muda si mrefu nikamsikia akikoroma, maji yakitiririka na muziki wa baa ukigonga nyuma ya wavu.

Mimi sikulala kirahisi. Nilikuwa kwenye mfuko wangu wa kulalia, chini, na wavu ulikuwa karibu kiasi cha kuunusa. Watu watasema tulishinda. Tulishinda nini? Tulirudishiwa kipande cha ardhi cha kutosha gari moja, na hata hicho tulirudishiwa kwa sababu mtu aliogopa kuendelea kuitwa maiti. Kama ingekuwa sheria, tungekuwa bado tunangoja afisa atoke baharini. Ufuko bado una kizuizi. Roshani bado tupu. Na mtu yeyote asiyekuwa na kaka aliyekufa kwenye barabara ile angefukuzwa jioni ile na kuambiwa ashukuru hakupigwa faini.

Asubuhi niliamshwa na breki za lori. Dereva alishuka, hakututazama, akaweka kichwa kizima chini ya maji. Alijaza chupa, akasoma jiwe, akasema yale maneno, akapanda na kuondoka. Hakujua kwamba jana pale palikuwa na uzio. Shangazi alikuwa ameshaamka, anafagia kuzunguka birika, na aliacha kufagia mpaka lori lilipopotea kwenye kona.

Nilimuuliza leo tutalala wapi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu alinitajia mahali. Alisema juu kidogo, njia ya mpakani, ipo chemchemi ya mama mmoja aliyefariki wakati wa kujifungua, mahali pazuri, hakuna mjozi karibu. Ila ameambiwa na Zlatan kwamba na huko kuna bendera.

Akakunja kitambaa, akafunika sufuria, akaketi kwenye usukani.

“Gundi imebaki?”

Nikatazama ndani ya kopo. Ilikuwa imebaki.